Kisiki na Barua za Magodoro

Jina la Kisiki alipewa na baba yake. Alikuwa mtoto mdogo, katumwa sabuni, na muuza duka akampa kipande kilichomegwa pembeni. Akasema hakitaki. Muuza duka akamwambia aende zake. Mtoto akakaa chini, kizingitini kabisa, wateja wakawa wanamruka kuingia na kumruka kutoka, mpaka yule bwana akachoka mwenyewe akampa sabuni nzima. Baba aliposikia alicheka akashika mbavu, akasema huyu si mtoto, ni kisiki. Jina likaganda. Alilibeba shuleni, alilibeba chuoni alikosomea mambo ya biashara, akaolewa nalo. Hata kazini lilimfikia, maana mumewe alipopiga simu mapokezi siku ya kwanza, aliomba bila kufikiri kuongea na Kisiki, na dada wa mapokezi hakuwa mtu wa kuficha kitu kitamu kama hicho.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda cha magodoro. Ofisi yake ilikuwa juu ya ukumbi wa kukatia sponji, na msumeno mrefu ulipoanza kuimba huko chini, kikombe cha chai kilitembea chenyewe mezani. Vumbi jepesi la sponji lilipanda na ngazi, likatua kwenye kompyuta, kwenye nywele, kwenye mkate wake wa saa nne. Dirisha lilitazama uani, malori yalipopakia. Hapo ndipo Kisiki alipokaa akiwaandikia wateja barua pepe.

Mteja akinunua godoro, kaunta walimwomba anwani yake ili wamtumie risiti. Tangu siku hiyo anakuwa ameingia kwenye orodha, hakuulizwa. Kila wiki anatumiwa barua: magodoro mapya, magodoro ya bei nafuu, magodoro ya sikukuu. Zilikuwa barua ndefu zenye picha kubwa za wanawake wanaotabasamu wakiwa wamelala, jambo ambalo Kisiki hakuwahi kuliona kwa mtu yeyote aliyelala kweli. Zilitoka kwenye anwani iliyoitwa Usijibu. Mteja akijaribu kujibu, alirudishiwa maneno makavu kwamba sanduku hili halisomwi na mtu. Wala zile barua nazo hazikusomwa na mtu. Katika kila wateja mia, waliozifungua walikuwa wachache mno, na aliyejibu hakuwepo, kwa sababu aliambiwa asijibu.

Mwenye kiwanda, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, mbele yake na nyuma yake, aliziona takwimu hizo akakosa raha. Akaleta mtaalamu, akampa cheo cha meneja wa masoko. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vya kung'aa, mcheshi kwa kweli, na wiki haikuisha kabla hajapachikwa jina la Bwana Haraka. Lilikuwa neno lake. Kila barua aliyoitunga ilianza nalo, kwa herufi kubwa. HARAKA, zimebaki saa tatu. HARAKA, godoro lako linachukuliwa na mwingine. Zile saa tatu zilipokwisha, kesho yake zilianza upya. Kisiki alimuuliza siku moja, kwa upole, hizo saa huwa zinahesabiwa na nani. Bwana Haraka akacheka, akamwambia dada, mteja ni kama mtu aliyesinzia, humwamshi kwa kumnong'oneza.

Na mwanzoni waliamka. Barua zilifunguliwa kuliko zamani, Bwana Haraka akatembea na karatasi yake ya grafu ofisi hadi ofisi kama mtu aliyejaliwa mapacha. Halafu watu wakazoea. Halafu wakakasirika. Wakaanza kujiondoa kwenye orodha, na ambao hawakujua kujiondoa wakazisukumia barua hizo kwenye takataka, mpaka kompyuta za watu zikajifunza zenyewe kwamba chochote kitokacho kwenye kiwanda hiki ni taka. Bwana Haraka hakurudi nyuma. Aliona dawa ni kuongeza dozi.

Siku dozi ilipoongezwa, Kisiki hakuwepo kazini. Alikuwa amempeleka mama yake kituo cha afya, maana mama alikuwa na presha na siku hiyo ilikuwa ya kupimwa. Walikaa kwenye benchi la mbao, ukuta wa kijani umekwanguliwa na migongo ya watu. Zamu yao ikafika. Nesi alikuwa anamfunga mama kitambaa cha mashine mkononi wakati simu ya mama ilipolia ting. Mama alikuwa mmoja wa wateja, kwa sababu Kisiki alimnunulia godoro hapo hapo kiwandani, na simu aliipenda, kila ting aliifungua. Akaisogeza karibu na miwani.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu wanasema nini? Onyo la mwisho. Kuna tatizo kwenye malipo yako."

Kisiki akaichukua simu. Kichwa cha barua kilikuwa kimeandikwa hivyo hivyo, onyo la mwisho. Ndani, ukishafungua, hakukuwa na onyo wala malipo. Kulikuwa na mwanamke anatabasamu usingizini, na maneno kwamba tatizo ni moja tu, bado hujanunua mito ya kulalia. Akamweleza mama kwamba ni matangazo, ni utani, hadaiwi kitu. Lakini mama alikuwa ameshaingiwa na hofu. Alikuwa anauliza kama godoro lile lilichukuliwa kwa mkopo, kama mwanawe anadaiwa anaficha, kama watakuja kulibeba. Mashine ikavuma, ikapumua, ikatoa namba. Nesi akaitazama, akamtazama mama.

"Bibi, leo umepanda sana," akasema. "Kaa hapo nje utulie, nitakupima tena."

Walikaa benchini muda mrefu. Kisiki alimshika mama mkono, na kila alivyoushika ndivyo kitu fulani ndani yake kilivyokuwa kinakaa chini, polepole, na kukataa kuondoka.

Kesho yake hakupita mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Tajiri, akamkuta na Bwana Haraka wanatazama grafu. Ilikuwa imepanda tena, mlima mmoja mrefu, siku moja. Kisiki akasimulia habari ya kituo cha afya, bila kuongeza chumvi. Bwana Haraka alisema pole, na alimaanisha, kisha akasema kwamba hata hivyo barua ile ilifunguliwa na watu wengi kuliko barua yoyote tangu kiwanda kianze.

"Hata mlango ukiupiga teke unafunguka," Kisiki akasema. "Lakini mwenye nyumba hatakukaribisha chai."

Tajiri akamuuliza anataka nini. Akajibu kwamba hatatuma tena barua yenye uongo kichwani. Wampe kazi nyingine, wampunguze, wafanye watakavyo, ila kidole chake hakitabonyeza hapo. Alisema hivyo amesimama, hakukaribishwa kiti.

Tajiri alikuwa mtu wa mashindano. Kama angeweza, angeshindanisha hata malori yake mawili kutoka getini. Akawatazama wote wawili, akaona hapa pana mchezo. Akaamua orodha igawanywe nusu kwa nusu. Bwana Haraka aandike kwake anavyotaka, Kisiki aandike kwake anavyotaka, kwa miezi miwili. Atakayeonekana barua zake zinasomwa na kujibiwa na kuleta watu dukani, ndiye atakayeshika meza ya barua. Mwingine atatafuta pa kukaa.

Jambo la kwanza alilofanya Kisiki liliwachekesha watu wote. Aliikata orodha yake. Waliokaa mwaka mzima bila kufungua chochote aliwaandikia mara moja, akawauliza kama bado wanapenda kuandikiwa, na walionyamaza akawatoa. Bwana Haraka alimwambia mbele ya watu kwamba hajawahi kuona mtu anaingia mashindanoni akianza kwa kufukuza wateja. Kisiki akamjibu kwamba hakufukuza mtu, ila ameacha kugonga kwenye nyumba zisizo na watu.

Kisha akawapanga waliobaki kufuatana na walichonunua. Aliyenunua godoro la mtoto hana haja ya kuambiwa habari za vitanda vya maharusi. Mwenye nyumba ya wageni ana shida zake. Akafuta picha zote, maana mama yake alikuwa akilalamika kwamba barua zenye picha zinamaliza bando halafu hazifunguki. Barua ikawa fupi, ya kusomeka umesimama. Akaizika anwani ya Usijibu, akafungua nyingine yenye jina lake, akaandika chini ya kila barua kwamba ukijibu, anayesoma ni mimi.

Kilichomtesa kilikuwa kichwa cha barua. Alijaribu maneno mengi, yote yakanuka tangazo. Jumamosi moja alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mumewe, ambaye ni kinyozi, akimsubiri afunge. Akawa anamsikiliza anavyowapokea watu. Mumewe hakumuuliza mtu anataka kunyoa vipi. Alimuuliza yule mjomba wako alitoka hospitali? Mwanao alifaulu? Mtu anaanza kusimulia kabla hata ya kuketi, na akishanyolewa bado anasimulia, na wiki mbili baadaye anarudi kumalizia. Kisiki alimuuliza mumewe njiani amejifunza wapi hayo.

"Nijifunze nini?" mume akasema. "Mtu akiingia si unamsalimia?"

Jumatatu, mapema, watu wanapofumbua macho na kutafuta simu kabla ya kutafuta ndala, barua ya Kisiki iliwafikia wote wa nusu yake. Kichwani palikuwa na neno moja: Umeamkaje? Ndani palikuwa na mistari michache. Alijitambulisha, akasema anafanya kazi kwenye kiwanda kilichotengeneza godoro lako, na kwamba leo hauzi kitu. Anataka kujua tu umeamkaje.

Salamu ni kitu kigumu kukiacha njiani. Kabla kikombe cha kwanza cha chai hakijapoa, majibu yakaanza kuingia. Mama mmoja aliandika kwamba ameamka mapema kama kawaida, mtoto wake mchanga ndiye saa yake ya ukutani. Dereva mmoja aliandika, nimeamka salama ila mgongo bado umelala. Mmoja alijibu tu, vizuri, wewe je? Mzee mmoja aliandika kwamba tangu mkewe afariki analala upande wake ule ule, upande wa pili hajauzoea, na sasa godoro limeshuka upande mmoja, afanyeje. Kisiki aliisoma hiyo mara kadhaa. Akamjibu akimpa pole sana, kisha akamweleza aligeuze godoro, penye miguu pawe penye kichwa, na afanye hivyo kila baada ya miezi michache. Mzee hakununua kitu. Lakini wiki iliyofuata vijana wawili walifika dukani wakasema wametumwa na mjomba wao kwa yule dada anayesalimia.

Alijibu kila mtu. Vidole viliuma. Dada wa mapokezi alipanda ngazi kuja kuuliza kama ni kweli ofisi imegeuka kuwa ya ushauri wa ndoa, akakaa kusoma, akashindwa kuondoka. Barua ya pili ilizungumzia mgongo tu, kwa wale waliotaja mgongo. Ya tatu ilikuwa ya wenye watoto wanaokojoa kitandani, ikiwaeleza namna ya kuosha na kuanika, na chini kabisa, mstari mmoja, kwamba tuna kitambaa cha kuzuia maji ukikihitaji. Vitambaa hivyo, vilivyokuwa vimelala stoo tangu zamani, vikaisha.

Upande wa pili Bwana Haraka alizidi kupiga kengele, na watu wake walizidi kuziba masikio. Grafu yake ilianza kufanana na ngazi ya kushukia kisimani. Kama mambo yangeishia hapo, Kisiki angepewa meza yake na hadithi ingekuwa fupi.

Lakini ukimuuliza mtu ameamkaje, utaambiwa. Mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa amenunua magodoro ya vyumba vyote kwa mpigo, alijibu hivi: "Nimeamka vibaya, na sababu ni ninyi." Magodoro yake yalikuwa hayajamaliza mwaka, na yote yalikuwa yamebonyea katikati kama sahani. Wageni walikuwa wanalala wakikutana katikati ya kitanda hata kama hawakuja kwa nia hiyo. Wengine hawarudi. Alikuwa amepiga simu kiwandani mara nyingi, akazungushwa mpaka akachoka.

Kisiki alidhani ni bahati mbaya ya mteja mmoja. Kisha likaja jibu jingine linalofanana, na jingine, na yote yalikuwa ya magodoro yaliyonunuliwa kuanzia kipindi kimoja. Akashuka ukumbini. Fundi wa msumeno, mtu mzima aliyekwisha kuzoea kuongea kwa ishara kwa sababu ya kelele, alimsikiliza, akazima mashine, akamletea vipande viwili vya sponji. Akamwambia bonyeza hiki, sasa bonyeza hiki. Cha kwanza kilimrudishia mkono. Cha pili kilizama, kikabaki na alama ya kidole. Fundi akasema kwamba malighafi ilipopanda bei waliambiwa waifanye sponji nyepesi, unene ule ule, uzito pungufu. Nani aliyewaambia? Fundi akatazama juu, upande wa ofisi ya Tajiri, akawasha mashine yake.

Kisiki akampelekea Tajiri yale majibu. Alifikiri, na huu ulikuwa utoto wake, kwamba mtu akionyeshwa shimo atalifukia. Tajiri alisoma moja, mbili, akazisukuma pembeni. Alisema kila biashara ina walalamishi. Bwana Haraka, aliyekuwepo, akaongeza kwamba kwa haki majibu ya namna hii yasihesabiwe kwenye mashindano, maana lalamiko si jibu. Tajiri akakubali. Akaamuru anwani ya Usijibu irudishwe siku hiyo hiyo, na walioandika malalamiko wasijibiwe kabisa, maana ukijibu umekiri.

"Nimewaahidi anayesoma ni mimi," Kisiki akasema.

"Nilikupa ruhusa ya kuwasalimia," Tajiri akasema. "Sikukupa ruhusa ya kuwasikiliza."

Kisiki alirudi mezani kwake akakaa. Chini msumeno uliimba, kikombe kikatembea. Alijua vizuri anachoweza kupoteza. Kibanda cha kinyozi hakikutosha kulisha nyumba, kulipia shule na dawa za mama. Lakini aliwaza yule mama wa nyumba ya wageni, anayezungushwa, na sasa amepata mtu wa kumjibu, na huyo mtu naye anaambiwa afunge mdomo. Akawaza mama yake benchini. Akashuka tena, safari hii stoo, akachana nailoni ya godoro moja, akatoa kadi iliyobandikwa ndani ambayo hakuna mteja anayeisoma. Ilikuwa ya waranti. Ilisema godoro likibonyea kabla ya miaka mitano, mteja alirudishe abadilishiwe bila malipo. Chini ilikuwa na saini ya Tajiri, kubwa, yenye mkia.

Hakuhitaji kuahidi kitu kipya. Tajiri alikuwa ameshaahidi mwenyewe.

Barua aliyoituma asubuhi iliyofuata ilikuwa fupi kuliko zote. Kichwani: Godoro lako lina waranti. Ndani aliandika: "Nimekatazwa kuendelea kujibu barua zenu, kwa hiyo hii ni ya mwisho kwa sasa. Wengi mmeniambia magodoro yenu yamebonyea. Kadi iliyo ndani ya nailoni inasema hivi, na hii hapa picha yake. Godoro lililobonyea linarudishwa kiwandani na linabadilishwa. Getini tunafungua saa mbili." Akaweka jina lake. Ndiyo barua pekee aliyoitia picha tangu mashindano yaanze. Akabonyeza, kisha akaenda kumwambia Tajiri mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Tajiri hakupaza sauti. Alimwambia tu achukue vitu vyake aondoke, kazi imekwisha.

"Sawa," Kisiki akasema. "Niandikie barua ya kunifukuza. Na sababu uiweke."

Tajiri akavuta karatasi. Akaandika tarehe, akaandika jina halisi la Kisiki, akafika penye sababu, kalamu ikasimama. Angeandika nini? Kwamba amefukuzwa kwa kuwasomea wateja kadi yenye saini yangu? Karatasi ya namna hiyo ikitoka nje ya geti, ingesomwa kuliko barua zote zilizowahi kutumwa. Akasema ataiandika kesho. Kisiki akasema basi na yeye kesho atakuja kuichukua, na kwa kuwa leo hajafukuzwa kwa maandishi, ana kazi za kumaliza. Akarudi mezani kwake.

Wakati huo barua ilikuwa inasambaa. Ilifunguliwa na karibu kila aliyeipata, na waliofungua wakawatumia ndugu zao, mpaka ikawafikia hata watu wa nusu ya Bwana Haraka. Kesho yake, hata mlinzi hajamaliza kufungua kufuli, palikuwa na magodoro nje ya geti. Mengine yamekuja kichwani, yamekunjwa yakafungwa kamba, mengine juu ya teksi, mengine kwenye mikokoteni. Mama wa nyumba ya wageni alikuja na lori. Alikuwa mnene, mtulivu, na alipoteremka alimuuliza mlinzi Kisiki yuko wapi, akapelekwa kwake, akampa mkono.

"Ndiye wewe?" akasema. "Nilidhani ni mashine."

Tajiri alitazama dirishani. Uani hapakuwa na fujo. Hapakuwa na mtu aliyepiga kelele, wala aliyerusha jiwe. Walisimama tu na magodoro yao na simu zao, kila simu imefunguliwa kwenye picha ya saini yenye mkia. Alimtuma Bwana Haraka awaambie warudi wiki ijayo. Bwana Haraka alishuka, akasimama mbele yao, na labda kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakupata neno la kuharakisha. Alisema wiki ijayo kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeondoka. Kisiki alitoka akasimama nao upande wa magodoro. Hakuhutubia. Alisimama, mikono kifuani, akamtazama Tajiri kule juu, na Tajiri akajua kwamba huyu mwanamke hatoki hapo leo, wala kesho.

Mchana Tajiri alishuka mwenyewe. Alivua miwani, akaivaa, akamwamuru mtu wa stoo aanze kubadilisha. Kubadilisha huko kulichukua wiki nyingi na kulimuuma, na hakuficha kwamba kunamuuma. Alitembea uani akilaumu jua, akilaumu malori, akilaumu wateja wanaolala sana. Lakini huwezi kubadilisha godoro bovu kwa godoro bovu, yangerudi tena, kwa hiyo ukumbini fundi wa msumeno akaletewa tena sponji ya uzito wa zamani. Alimkatia Kisiki kipande kidogo akampandishia juu, akakibonyeza mbele yake, kikarudi.

Barua ya kufukuzwa haikuandikwa. Kisiki alikwenda kuidai siku ya pili na ya tatu, mpaka Tajiri akamwambia aache kumsumbua, kama hana kazi akatafute ya kufanya. Ndiyo ilikuwa njia ya Tajiri ya kusema abaki. Samahani hakuiomba, wala mshahara hakuupandisha mwaka ule, na wakipishana kwenye ngazi alikuwa anatazama ukuta. Kisiki alimwamkia kila mara, kwa sauti.

Bwana Haraka aliondoka kwa hiari yake akaenda kuuza viwanja. Siku ya kuaga alipita kwa Kisiki, akakaa pembeni ya meza, akakiri kwamba barua ile ya onyo la mwisho aliijutia tangu siku aliposikia habari za mama, ila hakujua namna ya kushuka kwenye mlima wa grafu mbele ya watu. Kisiki akamwambia mama hajambo, presha imetulia. Wakaagana vizuri. Baada ya miezi akaanza kupokea barua za viwanja, zenye haraka kama kawaida, akajiondoa kwenye orodha.

Orodha zote mbili akapewa yeye. Aliwaandikia wa nusu ya pili kuwauliza kama wanataka, akapunguza wengi, na waliobaki walikuwa watu wa kuongea. Sio kila barua ilisomwa. Nyingine zilipita kimya kabisa, na alishinda siku nzima akitazama sanduku tupu na kujilaumu kwa neno moja. Lakini walipokuwa na la kusema walisema, na waliotaka godoro walijua wamuulize nani. Mwaka ulipogeuka, duka lilikuwa linauza kuliko wakati wa zile saa tatu zisizokwisha.

Hapo ndipo Tajiri alipopanda ngazi mwenyewe, akiwa amevaa kofia ya kiwandani ambayo hakuwa na sababu ya kuivaa. Alikuwa na picha yake kwenye simu, amesimama mbele ya rundo la magodoro, kidevu juu. Akasema amefikiri, barua zinakwenda vizuri, sasa wakati umefika wateja wamjue mwenye kiwanda. Picha iwekwe juu kabisa ya kila barua.

Kisiki akaitazama picha kwa heshima yote.

"Hapana, Tajiri," akasema.

Tajiri akasema hilo si ombi. Kisiki akasema ameelewa kwamba si ombi. Tajiri akasema kiwanda ni chake. Kisiki akakubali, ni chake, na sponji ni yake, na kompyuta pia. Lakini watu wale wanafungua barua wakiwa bado kitandani, hawajanawa uso, na hawakuomba kuamshwa na mwanamume mwenye kofia. Dada wa mapokezi, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta faili, aliondoka upesi kwenda kucheka mahali pa salama.

Chini msumeno uliimba, kikombe kikatembea taratibu kati yao. Tajiri akaiweka simu mfukoni, akaivua ile kofia, akashuka. Barua ya mwezi ule ilitoka asubuhi, haina picha.